Chumvi Isiyokuwa Chumvi

Jumamosi ya pili ya Februari 1958, saa tatu asubuhi, sinia ya bati ilitolewa ndani ya tanuri la mikate huko Ng'ambo, Tabora, na uji wa plastiki ulioingia ukiwa umelala chini ya ukingo ulitoka umeupita ukingo. Sinia ilikuwa ileile. Hakuna aliyeongeza kitu.

Hilari Mahona hakushangilia. Alichukua kisu, akakata kipande cha pembeni, akakisogeza mlangoni penye mwanga. Kilikuwa na vitundu vidogo kama punje za ulezi, vimelingana, kila kimoja na ukuta wake. Alikibonyeza kwa kidole gumba, kikabonyea, kikarudi. Alikitupa ndani ya ndoo ya maji, kikaelea. Akakikandamiza chini kwa jiwe na kukiacha humo mpaka Omari, mwenye tanuri, alipomaliza kupanga mikate yake kwenye kapu. Kisha akakitoa na kukikata katikati. Ndani kilikuwa kikavu.

"Sema basi, mwalimu," alisema fundi Mfaume, aliyekuwa amesimama nyuma yake muda wote. "Au mpaka uitishe mkutano?"

"Kimeumuka."

"Hilo hata kuku wa Omari wameliona."

"Kimeumuka na hakikunywa maji. Mawili hayo kwa pamoja hatujawahi kuyapata."

Ndipo Mfaume alipotoa kikopo chake cha ugoro, akavuta kidogo tundu la kulia, kidogo tundu la kushoto, akapiga chafya moja kubwa iliyomfanya Omari ageuke. Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yao.

Watu hawa wawili hawakuwa wa rika moja wala wa nyumba moja ya ibada. Mfaume alikuwa amevuka hamsini, Mwislamu wa mjini, fundi wa makubazi, mwana wa fundi, mjukuu wa Mnyamwezi aliyebeba pembe mpaka Bagamoyo na kurudi. Babu huyo ndiye aliyeona kwamba mpagazi anauawa na unyayo kabla hajauawa na mzigo, akaacha kubeba, akaanza kushona viatu vya wabebaji pale Kwihara. Hilari alikuwa na miaka thelathini na mmoja, Mkatoliki, mzaliwa wa Ipole, aliyesoma kemia Makerere na sasa akifundisha sayansi mjini. Kilichowakutanisha ni soli. Mfaume alitaka soli nyepesi ambayo haitalowa masika wala kupasuka kiangazi. Hilari alikuwa na pipa dogo la uji wa plastiki, unga mweupe uliokorogwa na mafuta mazito, ambao hupikwa ili kufunika nyaya za umeme. Uji ule ukipikwa peke yake hutoa kitu kizito kama ulimi wa ng'ombe. Walichohitaji ni kuutia pumzi.

Walianza na magadi ya dukani, yale meupe ya kuumulia keki. Uji uliumuka mapema, kabla haujashikamana, ukajaa mashimo makubwa na kuporomoka kama chapati iliyotobolewa. Jambo la kutia magadi hayo kwenye plastiki lenyewe halikuwa geni. Hilari alikwishalisoma katika majarida. Ugeni ulikuja kwa hatua mbili. Mfaume alisema wajaribu magadi ya ugoro, yanayotoka upande wa Singida na kusagwa na wauza tumbaku mpaka yanakuwa laini kama moshi. Hilari akasema punje hizo zivishwe nta, ili hewa yake isitoke kabla uji haujaanza kushika. Nta ilikuwepo: mama yake, Tekla, alikuwa akimtumia kutoka Ipole kila msimu wa asali. Wakayeyusha nta, wakakorogea magadi, wakapoza, wakasaga upya. Siku ile ya Februari ndipo mambo yote mawili yalipokutana katika sinia moja.

Katika karakana ya Mfaume unga ule uliitwa chumvi. Hakuna aliyeuita vinginevyo. "Lete chumvi," "Chumvi imepungua," "Leo chumvi imekoza." Hii haikuwa hila mpya. Mafundi wa mji ule walikuwa na desturi ya kuvipa vitu vyao majina ya bandia, ili mteja anayengoja barazani asitoke na zaidi ya viatu vyake. Gundi ya Mfaume iliitwa "uji wa mgonjwa." Dawa ya kulainisha ngozi iliitwa "shemeji." Kwa hiyo magadi yenye nta yakawa chumvi, na baada ya wiki chache hata Hilari alijikuta akiyaita hivyo nyumbani kwake.

Mwezi wa Machi waliomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi kulindiwa alichokibuni kwa miaka kumi na sita. Tanganyika wakati huo ilisajili hataza zilizokwisha kutolewa Uingereza tu, hivyo soli iliyobuniwa Ng'ambo ilibidi kwanza ikapimwe London. Walipitia kwa wakili mmoja wa Dar es Salaam. Sheria iliruhusu kupeleka maelezo ya awali kwanza, na maelezo kamili kabla mwaka haujatimia. Hilari aliyaandika ya awali kwa Kiingereza, Mfaume akiwa ameketi mbele yake na kuuliza kila mstari umesema nini. Walipofika kwenye unga, Mfaume aliweka kiganja juu ya karatasi.

"Andika chumvi."

"Fundi, chumvi siyo."

"Karani ataisoma hii. Mpiga chapa ataisoma. Tarishi naye ana macho. Andika chumvi."

Hilari aliandika: chumvi ya kienyeji iliyoandaliwa, ambayo ikipata moto huufanya uji uumuke. Alikuwa mtu wa kushikilia ukweli, na alijiridhisha kwamba hakusema uongo, kwa kuwa katika kemia magadi ni chumvi ya aina fulani. Hilo lilikuwa kweli. Halikumsaidia.

*

Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, alishuka kwenye treni ya Dar es Salaam mtu mwenye tai nyekundu na mkoba wa ngozi, akauliza njia ya kwenda kwa fundi Mfaume, akaelekezwa na watu watano kwa pamoja. Alikuwa Lukumani, karani mkuu wa yule wakili. Alimkuta Mfaume barazani akikata ngozi, na Hilari, aliyekuwa amemaliza vipindi, ameketi kwenye benchi.

"Nyie ndio Wanyamwezi mnaojua kupika viatu?" aliuliza Lukumani kabla hata ya salamu.

Mfaume aliinua macho, akamtazama kuanzia kofia. "Na wewe Mzaramo?"

"Wa Kisarawe, baba na mama."

"Basi karibu, mtani. Keti, lakini usiketi juu ya ngozi yangu, nitashindwa kuitofautisha na wewe."

Lukumani alicheka, akaketi. Utani wa makabila hayo mawili ni wa tangu enzi za misafara, na hauhitaji kufahamiana. "Babu zenu," alisema, "walifika pwani na pembe mabegani, wakaonja bahari, wakauliza ni nani aliyemaliza chumvi yote humu."

"Na babu zenu wakajibu ni wao, wakataka tuwalipe. Chai au maji?"

"Chai. Tena mambo yenyewe yaliyonileta ni hayo hayo ya chumvi." Aliacha kucheka. Alifungua mkoba. "Karatasi zenu zimewekwa na masponji."

Hilari aliinuka kidogo kwenye benchi. "Fungu gani?"

Lukumani alimgeukia Mfaume, ambaye ndiye aliyehitaji kuelezwa. "Fundi, kule London vitu vilivyobuniwa havirundikwi ovyo. Vimepangwa kwa mafungu, na kila fungu lina matawi. Fungu la plastiki yenye povu lina matawi yake. La kwanza ni povu la kupigwapigwa, kama unavyopiga yai. La pili ni lile ambalo vitundu vyake vimeachwa na kitu kilichotolewa. Unachanganya plastiki na chumvi, unaipika inaganda, halafu unailoweka. Chumvi inayeyuka, inatoka, inaacha tundu pale ilipokuwa imekaa. La tatu ni povu la hewa iliyozaliwa ndani ya uji wenyewe. Sasa, bwana wetu wakili aliomba mafungu yapekuliwe mapema, kabla hatujapeleka maelezo kamili. Mpekuzi kasoma 'chumvi', kaenda tawi la chumvi. Na huko kakuta watu wamejaa tele. Hamna jipya."

"Yetu hailowekwi," alisema Mfaume.

"Mmeandika chumvi."

"Yetu inaumuka. Tumeandika inaumuka."

"Mmeandika, na hilo ndilo litakalowaokoa, kama mtaokoka. Mpekuzi hana kosa, fundi. Tumemwambia chumvi, katafuta chumvi. Maelezo kamili yakienda na neno hilo, mtakuwa mmejizika kwa jembe lenu. Na yasipofika kabla mwaka haujatimia, mwezi wa Machi, mtakuwa mmezikwa vilevile, ila kwa jembe la serikali." Alitoa kalamu. "Niambieni tu ndani mna nini. Nitaandika, tutahama tawi, kila mtu atalala."

Kisu cha Mfaume kilisimama katikati ya ngozi. Hilari alimtazama mwenzake. Unga ulikuwa wa wote wawili, lakini karakana ilikuwa ya mmoja.

"Ndani mna chumvi," alisema Mfaume.

Lukumani aliifunga kalamu taratibu. "Nipo mpaka treni ya Jumapili," alisema. "Chai yako nzuri, mtani. Hiyo nayo umeitia chumvi?"

*

Alipoondoka kwenda kutafuta nyumba ya wageni, Hilari hakupandisha sauti. Hakuwa na tabia hiyo. Alisema kwamba jambo lao limesimama kwenye neno moja, na neno lenyewe wote wawili wanajua kuwa si sahihi. Kwamba yeye ndiye aliyeliandika, kwa hiyo halaumu mtu. Na kwamba Machi ikipita, mtu yeyote wa Ulaya au wa Nairobi ataweza kuchapisha jambo hilohilo na kuliita lake.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," alisema Mfaume.

"Kata sasa inatakiwa itoe ushahidi, fundi."

Mfaume aliweka kisu chini. "Mwalimu, baba yangu, wajina wa Omari wa mikate, alikuwa na rangi nyekundu ya ngozi. Aliitoa kwenye gome, na haikupauka kwa jua wala kwa jasho. Alikuja mgeni mmoja, akakaa nasi Ramadhani nzima, anafuturu kwetu. Baba akamwonyesha. Mwaka uliofuata mgeni alikuwa na duka Ujiji, rangi ni ile, na msafara ukitoka kule watu wanamwuliza baba: na wewe umejifunza rangi ya Ujiji? Baba alikufa akiitwa mwigaji wa rangi yake mwenyewe. Sasa unataka niseme magadi. Nani Tabora hana magadi jikoni? Nani hana nta?"

Hilari aliona kwamba swali lilikuwa la haki.

"Baba yako alisema kwa mtu mmoja, ndani ya nyumba," alisema. "Hapakuwa na shahidi. Hataza inataka useme kwa dunia nzima, mchana kweupe, ukiwa umetia jina na tarehe. Mgeni wa Ujiji aliweza kuiba kwa sababu alikuwa peke yake anayejua imetoka kwa nani. Wakijua wote, hakuna wa kudai."

"Na miaka kumi na sita ikiisha?"

"Itakuwa ya kila mtu."

"Hata ya mjinga?"

"Hata ya mjinga. Lakini tawi litabaki na jina lililotangulia. Hilo haliondolewi."

"Na wakitoka wengine hapa hapa, kesho, wakapika?"

"Utawapeleka mahakamani na karatasi yenye muhuri. Ukiwa na chumvi tu, utawapeleka na nini?"

Mfaume alikusanya mabaki ya ngozi, akafunga mlango wa karakana, akaondoka na funguo mkononi. Hilari alibaki barazani. Hakuwa na hakika ya jambo lolote isipokuwa kwamba bila neno la Mfaume hataandika herufi moja. Waliomba pamoja, wangeshinda pamoja au wangekosa pamoja.

Ijumaa baada ya sala, Mfaume alikuja shuleni kwa Hilari, kitu ambacho hakuwa amewahi kufanya. Alikuwa na kanzu nyeupe na kofia ya kazi ya mkono, na alisimama katikati ya maabara akizitazama chupa bila kugusa hata moja.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mwanahawa kaniuliza jambo," alisema Mfaume. Mwanahawa alikuwa mkewe. "Kaniuliza: siri gani hiyo inayonukia nta mpaka kwa jirani? Tena kasema Batuli, muuza ugoro, kamwuliza kisimani kama mumewe ana pua ngapi, maana magadi anayonunua yanatosha pua za Nzega nzima." Aliziacha chupa, akamgeukia Hilari. "Siri yangu, kumbe, imekwisha kutoka. Kilichobaki ni nani atakayeisema kwa jina lake."

"Tuseme sisi."

"Tuseme. Lakini nina sharti. Neno liandikwe magadi. Sitaki lile la kwako la kikemia lenye mikia. Kama ni kuvuliwa nguo hadharani, nivuliwe kwa jina langu."

Hapa Hilari alilazimika kubisha, kwa sababu sharti hilo lilikuwa na hatari. Mpekuzi wa London hakulazimika kujua magadi ni nini. Bila jina la kemia angeweza kulikosea tawi tena, na safari hii kwa kutojua. Walibishana juu ya hilo kwa muda, kwa heshima, mmoja akisema ndugu zake ndio waliolijua neno kabla ya vitabu, mwingine akisema vitabu ndivyo vitakavyosomwa. Mwisho walikubaliana hivi: magadi litatangulia, na jina la vitabu litafuata nyuma yake kama maelezo.

"Lakini linatangulia," alisema Mfaume.

"Linatangulia."

*

Kubadili neno hakukutosha. Lukumani, alipoambiwa jioni ile, alisema wakili atataka kiapo kwamba vitundu vile vimetokana na hewa na si na kitu kilichooshwa, na kiapo kinahitaji mtu aliyeona kwa macho yake. Mtu aliyekuwapo ni Lukumani. Jumamosi asubuhi walikutana maabara wote watatu.

"Mtani," alisema Lukumani akivua koti, "mimi nimesoma mpaka darasa la kumi, na najua kuumuka ni kwa mandazi. Mkinionyesha soli inaumuka kwa magadi ya puani, nitabeba mzigo wenu kichwani mpaka stesheni, na tai hii hii shingoni."

"Mzaramo abebe mzigo wa Mnyamwezi?" Mfaume aligeuka kwa Hilari. "Mwalimu, hilo nalo liandike kwenye kiapo."

Hilari alikwishapanga kila kitu mezani. Vibati viwili vyenye ukubwa mmoja, uji wa pipa moja, uliopimwa kwa mizani moja. Katika kibati cha kwanza alitia chumvi ya Uvinza, chumvi kamili ya kula, ileile iliyokuwa ikipita mjini hapo kwa vichwa vya watu kabla ya reli. Katika cha pili alitia unga wa magadi na nta. Alimpa Lukumani vyote viwili anuse na aonje. Lukumani alionja cha pili, akakunja uso.

"Hiki kinasafisha meno au kinayang'oa?"

"Andika kwamba umeonja," alisema Hilari.

Kabla ya kuoka, alichukua uji kidogo wa kila aina, akautia katika mirija miwili ya kioo, akaifunga kwa vizibo vyenye bomba jembamba, na ncha za mabomba akazizamisha katika maji safi ya chokaa. Alieleza kwamba hewa ya magadi ikipita katika maji hayo huyageuza meupe, na hewa ya kawaida haiyageuzi. Kisha akawasha moto chini ya mrija wa chumvi. Vipovu vichache vilipanda, hewa iliyokuwamo ndani tangu mwanzo, vikakoma. Maji yalibaki maji. Lukumani aliinama mpaka pua ikakaribia kioo, akasema haoni kitu.

"Ndivyo inavyotakiwa," alisema Hilari, akahamisha moto.

Mrija wa magadi ulikaa kimya kwa muda. Mfaume alikuwa ameanza kupapasa kikopo chake cha ugoro. Halafu kipovu kimoja kilipanda, kingine, na baada ya hapo vilifuatana kama watu wanaotoka msikitini. Maji ya chokaa yaliingia ukungu, ukungu ukawa maziwa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mfaume aliyatazama maji yale meupe kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kulitazama jambo lolote la Hilari. Miezi yote ile alikuwa ameona matokeo ya ile pumzi. Sasa alikuwa ameiona yenyewe ikipita.

"Hiyo ndiyo iliyomo kwenye soli?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo. Kila tundu lina yake."

Vibati vilikwenda kwenye tanuri la Omari na kurudi. Cha chumvi kilitoka kama kilivyoingia, kizito na tambarare. Cha magadi kilikuwa kimeupita ukingo. Hilari alivikata, akapima kipande cha kila kimoja, akavilaza chini ya maji kwa uzito wa chuma mpaka adhuhuri. Kile cha chumvi kilikuwa kimeanza kulowa, chumvi yake ikitoka taratibu na kuacha njia. Kile cha magadi kilipotolewa na kufutwa, sindano ya mizani ilirudi palepale ilipokuwa asubuhi.

Lukumani alikuwa mtu wa mawakili na hakupenda kusaini kitu asichokielewa. "Hapo nimekwama," alisema. "Vyote vina vitundu. Kwa nini hiki hakinywi?"

Hilari alifungua kabati, akatoa sega la asali lililokuwa limefungwa kwenye jani, lililoletwa na mama yake wiki ile. Upande mmoja nyuki walikuwa wamekwisha kuliziba. Upande wa pili vyumba vilikuwa wazi, vitupu. Alidondoshea maji pande zote mbili. Upande ulio wazi uliyameza. Kwenye ule uliozibwa maji yaliteleza, yakaanguka mezani.

"Chumvi ikitaka kutoka lazima iwe na mlango," alisema. "Hewa haitoki. Inajenga chumba, inabaki ndani. Ndiyo maana sponji ni tawi moja na hii ni tawi jingine."

Lukumani alikata kipande cha sega lililozibwa, akakitia mdomoni, akatafuna akiwa amefumba macho.

"Nimeelewa," alisema. "Nipeni karatasi, twende bomani kabla hakimu hajafunga mlango."

Alikula kiapo mbele ya hakimu mchana ule. Maneno yalikuwa yake mwenyewe, na yalikuwa machache: kwamba aliona, alionja na alipima.

*

Jumapili watu wa Tabora waliokuwa wakitoka kanisani na waliokuwa wakielekea sokoni walimwona karani wa Dar es Salaam, mwenye tai nyekundu, akitembea katikati ya barabara na bunda kubwa kichwani, pana kama mlango, limefungwa kwa kamba ya katani. Yalikuwa mabamba ya povu, mifano ya kupelekwa London. Mbele yake alitembea Mfaume kwa kanzu yake nyeupe, mikono mitupu, akisalimia watu kushoto na kulia kama kiongozi wa msafara. Hilari alikuwa nyuma, amebeba mkoba wa mgeni.

"Fundi!" mtu alipaza sauti kutoka dukani. "Mzaramo umempata wapi?"

"Nimemwajiri! Nampeleka pwani!"

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi!" mwingine alidakia, na watu wakacheka.

Lukumani alisimama. Aliinua bunda kwa mkono mmoja juu ya kichwa, kisha kwa vidole vitatu. Kicheko kilikatika. Watu walimtazama, wakalitazama bunda lile lililokuwa na ukubwa wa mzigo wa watu wawili.

"Usufi ni mzito!" alisema Lukumani. "Fundi, humu mmefunga nini? Hamna kitu!"

"Mna kitu," alisema Mfaume. Aligeuka nyuma, sauti yake ikafika mpaka ng'ambo ya barabara, mbele ya Omari, mbele ya Batuli muuza ugoro, mbele ya mafundi wenzake wawili waliokuwa wamesimama kwenye kivuli cha duka. "Mna hewa ya magadi. Magadi na nta. Mimi na mwalimu ndio tulioitia, na imeandikwa."

Fundi mmoja kati ya wale wawili alivua kofia. Mfaume aligeuka mbele, akaendelea na safari. Hilari alijikuta akitembea akiwa amenyooka kuliko kawaida, na mkoba wa mgeni aliubeba kama kitu chepesi.

Kwenye jukwaa la stesheni Lukumani alilitua bunda, akajifuta jasho ambalo hakuwa nalo.

"Babu yangu akisikia haya," alisema, "atatoka kaburini aje aninyime radhi."

"Mwambie babu yako," alisema Mfaume, "deni la bahari limekwisha."

Maelezo kamili yaliondoka Dar es Salaam Januari 1959 na kufika London mwezi uliofuata. Mkaguzi aliuliza maswali mawili: kiasi cha nta, na kama magadi ya mahali pengine yangefaa. Hilari alijibu la kwanza kwa vipimo na la pili kwa kusema kwamba hajui, kwa sababu hakuwa amejaribu. Hataza ilitolewa Juni 1960, katika tawi la povu la hewa iliyozaliwa ndani ya uji. Tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo ilisajiliwa Dar es Salaam kwa majina ya Hilari Mahona, mwalimu, na Mfaume bin Omari bin Mfaume, fundi wa makubazi, wote wa Tabora. Nakala ilifika kwa treni. Mfaume aliomba asomewe dai la kwanza, na Hilari akalisoma. Neno magadi lilikuwa kwenye mstari wa pili, kwa herufi zilezile, na jina la kemia lilifuata nyuma yake.